Muulize Mwalimu: Ipo baruti inayosukuma na ipo inayopiga

Mwezi huu mfuko wa barua umenuka baruti. Zimekuja saba, na tano kati yake zinauliza habari za milipuko. Sijui nani amewaambia wasomaji kwamba mzee aliyestaafu kufundisha Fizikia anashinda Mikindani akichezea fataki. Moja nimeitia jikoni bila kuijibu, ya yule ndugu aliyetaka vipimo vya kuchanganyia. Kwa miaka 31 darasani sikuwahi kumpa mtu vipimo hivyo na sitaanzia uzeeni. Zilizobaki ni hizi.

*Shikamoo mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa na gobore la kulindia mihogo na nguruwe pori. Siku moja alimwaga baruti kidogo juu ya kigae akaiwasha, ikafanya "fyuuu" na moshi mweupe, basi. Lakini hiyo hiyo ikiwa ndani ya mtutu ilitikisa kijiji. Imekuwaje? Na kwa nini akimaliza kupiga alikuwa akiosha mtutu kwa maji ya moto, wakati bunduki tunajua inapakwa mafuta?*
*Mjukuu wa Mwindaji, Nachingwea*

Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako alikufanyia jaribio zima, akakuachia maelezo tu uyatafute.

Baruti ya gobore ni mkaa, salfa na shura, ile chumvi ya nitreti. Shura ndiyo inayotoa oksijeni, kwa hiyo baruti haiombi hewa ya nje. Inawaka hata ikiwa imeshindiliwa kwenye tundu la chuma. Juu ya kigae, gesi inayotoka kwenye kila punje inajiendea zake. Hakuna anayeizuia. Ndani ya mtutu, nyuma kuna chuma na mbele kuna goroli iliyobanwa na kitambaa, basi gesi inajazana. Na hapa ndipo penye siri: baruti iliyo chini ya mgandamizo inawaka haraka kuliko iliyo huru. Ikiwaka haraka inatoa gesi zaidi, gesi inaongeza mgandamizo, mgandamizo unachochea moto. Moto na gesi vinapandishana namna hiyo mpaka goroli ichoke kukaa. Mfaransa Paul Vieille aliiandika kanuni hiyo mwaka 1893 baada ya kuunguza baruti ndani ya vyombo vilivyofungwa na kupima mgandamizo ulivyopanda.

Wewe umeiona jikoni. Punje ya mahindi iliyopasuka ganda haifanyi bisi, inaungua tu kimya kimya kwenye sufuria. Nzima ndiyo inayoruka. Tofauti yao ni ganda.

Goroli ikishaanza kukimbia, nafasi iliyo nyuma yake inaongezeka na mgandamizo unataka kushuka. Kwa hiyo ndani ya mtutu kuna mashindano: gesi inazaliwa, goroli inakimbia. Punje zikiwa unga mtupu zinawaka zote kwa mpigo kabla goroli haijasogea, na chuma ndicho kinachoumia. Karne ya 19 Wamarekani walipotengeneza mizinga mikubwa, mingine ilipasuka mikononi mwa wenyewe. Afisa wao, Thomas Rodman, akaja na dawa isiyo na makuu: punje ziwe kubwa, nyingine zitobolewe matundu. Mama lishe yeyote angemwelewa, maana vumbi la mkaa na kipande cha mkaa haviwaki sawa. Punje yenye matundu inapungua kwa nje lakini matundu yanapanuka kwa ndani, kwa hiyo gesi inaendelea kutoka kwa kiasi kile kile, na risasi inasukumwa safari nzima ya mtutu badala ya kupigwa teke moja mwanzoni.

Neno ni hilo, *kusukumwa*. Lishike, tutalihitaji kwenye barua ya tatu.

Sasa maji ya moto. Mwaka 1875 Andrew Noble na Frederick Abel, Waingereza, walitangaza matokeo ya kulipua baruti ndani ya chombo kizito cha chuma kisichovuja, kisha wakapima kilichobaki. Kati ya kila gramu 100 za baruti, gesi ilikuwa kama gramu 43 tu. Gramu 57 zilizobaki ni vitu vigumu, chumvichumvi na masizi. Zaidi ya nusu ya baruti ya babu yako haikusukuma kitu! Sehemu ikatoka kuwa ule moshi mweupe, sehemu ikaganda ndani ya mtutu. Chumvi zile zinayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haziyeyuki, na zikiachwa zinanyonya unyevu na kula chuma. Mafuta yanafuata baadaye, mtutu ukishakauka. Babu alijua, bila shaka kwa sababu na yeye alikuwa na babu.

*Shikamoo mwalimu. Tulifuata maelezo yako ya mwezi uliopita ya kupima mwendo wa jiwe la manati. Tulijaza udongo wa mfinyanzi kwenye kopo la maziwa, tukalitundika kwenye mkorosho kwa kamba nne za mita 2, tukalipiga kwa jiwe tukiwa hatua tatu. Kopo na udongo na jiwe ni gramu 500. Jiwe moja lilikataa kusoma kwenye mzani wa dukani, tukapima mawe kumi yanayolingana, yakawa gramu 100. Kopo lilirudi nyuma sentimita 28. Jibu letu ni mita 310 kwa sekunde. Mwenzangu anasema hiyo inakaribia mwendo wa sauti na haiwezekani. Mimi nasema manati yetu ni kali. Nani mkweli? Halafu, risasi ikipigwa juu, inarudi chini na mwendo ule ule?*
*Kidato cha Tatu, Newala*

Marahaba, wanangu. Mwenzako ndiye mkweli, lakini wote wawili mmenifurahisha. Kupima mawe kumi kwa pamoja kwa sababu mzani hauoni jiwe moja ni akili ambayo sikuwafundisha. Nimeukagua ukurasa wa daftari mlioutuma. Mahesabu ni mazuri mpaka mstari wa nne, mlipoandika kwamba gramu 10 ni kilo 0.001. Hiyo ni gramu 1. Gramu 10 ni kilo 0.01. Nukta imehama nyumba moja na jibu lenu likakua mara kumi.

Turudie pamoja. Kopo likining'inia kwa kamba ya mita 2, ukizidisha umbali liliosogea kwa 2.2 unapata mwendo wake lilipoanza kuondoka: 0.28 mara 2.2, karibu mita 0.62 kwa sekunde. Ni mwendo wa mtu anayetembea kivivu. Lakini kopo lenye jiwe ndani ni zito mara 50 kuliko jiwe peke yake, na uzito mara mwendo haupotei katika mgongano. Kwa hiyo jiwe lilikuwa linakuja na 0.62 mara 50, yaani mita 31 kwa sekunde. Zaidi ya kilometa 110 kwa saa. Hata hivyo msilielekeze kwa mtu.

Msijaribu kulikokotoa kwa nishati, maana najua mmoja wenu atajaribu. Kati ya nishati yote ya jiwe, sehemu 49 kati ya 50 ziliishia kwenye kuufinya ule udongo na kuupasha joto kidogo. Nilimkatia alama mwanafunzi mmoja kwa kosa hilo mwaka 1988, na wiki iliyofuata, kwa bahati mbaya anavyosema yeye, alilikosa kopo akapata dirisha la mkuu wa shule. Mkuu akaniuliza jiwe lilikuwa na mwendo gani. Nikamjibu kwamba hilo hatukulipima.

Chombo hicho si changu. Ni cha Benjamin Robins, Mwingereza, aliyekieleza kwenye kitabu chake cha 1742. Yeye alitundika gogo badala ya kopo, na akatumia bunduki badala ya manati. Nyuma ya gogo alifunga utepe, gogo likirudi nyuma linauvuta, na urefu uliovutwa ndio jibu. Kabla yake watu walikuwa wakibishana tu. Risasi inapita mbele ya macho, nani aipimie saa? Robins akapata mwendo wa karibu mita 500 kwa sekunde.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko hilo la kwanza: akalisogeza gogo mbali zaidi, akapiga tena, na tena. Kadiri gogo lilivyokuwa mbali ndivyo lilivyorudi nyuma kwa umbali mfupi zaidi. Maana yake risasi ilikuwa inachoka njiani, tena sana. Wakubwa wa mizinga wa zama zake walizoea kusema hewa si kitu kwa chuma kizito. Kumbe kwa mwendo ule hewa inaizuia risasi kwa nguvu ambayo ni mara nyingi ya uzito wa risasi yenyewe. Leonhard Euler, ambaye jina lake mnaliona kwenye hisabati, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani mwaka 1745, na maelezo aliyoongeza yakawa marefu kuliko kitabu.

Hewa hiyo hiyo inajibu swali lenu la pili. Hapana, hairudi na mwendo ule ule. Marekani walipiga risasi za bunduki za kijeshi wima juu ya maji miaka ya mwanzo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakasikiliza zinaangukia wapi. Zile zilizoondoka na mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde zilirudi na kama mita 90. Ni mara tatu ya jiwe lenu. Inatosha kabisa kuua, kwa hiyo anayesherehekea kwa kupiga juu anaitupa risasi kwenye paa la mtu.

*Mwalimu, salamu. Mimi ni mchokoa pweza. Mdogo wangu alikuwa anapiga mbizi upande wa nje wa mwamba, watu wakapiga baruti mbali sana, hata ngalawa yao hatukuiona vizuri. Sisi tuliokuwa juu ya mwamba tulisikia kama mlango wa jirani umefungwa. Yeye alitoka amejishika tumbo, anasema kapigwa na kitu, siku ya pili akapata choo chenye damu. Watu wanasema ni jini. Na kwa nini samaki wanaoelea ni wachache, wengi wako chini?*
*Mchokoa Pweza, Msimbati*

Dada yangu, kabla ya yote: mdogo wako apelekwe hospitali leo, na daktari aambiwe kwamba alikuwa chini ya maji baruti ilipopigwa. Asiseme tumbo linauma tu. Utumbo uliochanika kidogo unaweza kumpa mtu nafuu ya siku mbili tatu kisha ukamwangusha. Ukimaliza kusoma aya hii funga gazeti, uende. Yaliyobaki utayasoma kwenye foleni.

Jini hayumo. Yumo mshindo.

Ile baruti ya babu wa Nachingwea inawaka punje kwa punje, moto unatembea, gesi inasukuma. Inayotumika baharini ni jamaa nyingine. Ndani yake hautembei moto, linatembea wimbi la mgandamizo, na kila linapopita maada inageuka gesi papo hapo. Wafaransa wanne, Berthelot na Vieille upande mmoja, Mallard na Le Chatelier upande wa pili, walilifuatilia wimbi la namna hiyo ndani ya mirija mirefu ya gesi mwaka 1881, wakashangaa kuona linakwenda kasi kuliko sauti. Kwenye TNT, baruti kali ya kijeshi, linakwenda karibu mita 6,900 kwa sekunde. Chukua umbali wa kutoka Mtwara mjini mpaka hapa kwangu Mikindani, kilometa kama 10: wimbi hilo lingefika kwa sekunde moja na nusu. Kitu cha mwendo huo hakimsukumi mtu. Kinampiga.

Ukipigwa huo mshindo hewani, hewa inabonyea kama godoro na kuupunguza makali haraka. Maji hayabonyei. Yanaupokea na kuupeleka, tena kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, wakati hewani sauti inakwenda 340. Sasa wewe ulikuwa juu ya mwamba na yeye alikuwa chini, na kati yenu kuna uso wa bahari. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 na sauti inakwenda humo zaidi ya mara nne. Tofauti hiyo ni kubwa mno, kiasi kwamba mshindo unaotoka chini ukigonga uso wa maji, karibu sehemu 999 kati ya 1,000 zinarudishwa chini. Ulichokisikia wewe, ule mlango wa jirani, ni ile sehemu moja iliyovuka.

Mdogo wako hakuwa na uso wa kumkinga. Mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa, mshindo unaingia kwenye misuli kana kwamba hakuna ngozi, unapita kwenye ini, unapita kwenye damu, wala hausimami. Unaendelea mpaka ukutane na hewa. Na hewa iko wapi ndani ya mtu? Masikioni, mapafuni, na kwenye utumbo. Hapo ndipo unapotokea ule ule mgomo wa uso wa bahari, lakini safari hii uso wenyewe ni ukuta wa utumbo, mwembamba kama ngozi ya nyanya. Ndiyo maana ngozi yake ya nje haina hata mchubuko. Angekuwa anaelea chali juu ya maji angepata nafuu, kwa sababu karibu na uso wimbi lililorudishwa linalikata lile linalokuja.

Samaki ni hivyo hivyo. Wengi wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kukaa kina wanachotaka bila kupiga mapezi. Mshindo unakipasua. Kibofu kikipasuka hewa inatoka, na samaki asiyekuwa na hewa anazama. Wanaoelea ni wale ambao hewa imebaki mwilini. Kwa hiyo anayelipua anaokota wachache tu, wengine anawaachia kaa.

Pweza wako hana kibofu wala pafu, mara nyingi anaupita mshindo huo salama. Usifurahi. Nyumba yake ndiyo inayokwenda. Umeshawahi kukanyaga pale palipolipuliwa miaka mingi nyuma? Mimi nimekanyaga, maji ya bamvua yametoka, na miguu yangu ilikuwa inateleza juu ya vijiti vya matumbawe kama mtu anayetembea juu ya mifupa ya kuku. Vijiti vile havikai mahali pamoja. Kila maji yakijaa vinabiringika, vikibiringika vinasaga kila tumbawe changa linalojaribu kushika. Palipobaki mwamba mzima panaota tena. Palipobaki kokoto panasubiri mno. Na hiyo ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, Msimbati yenu ikiwa katikati yake.

*Mwalimu, tunachimba choo kipya hapa Nyangao. Kwenye futi nne jembe limegonga chuma. Kina umbo la chupa, ncha imechongoka, na karibu na kitako kina pete ya shaba iliyotiwa nakshi, mistari ya mshazari imepangwa vizuri sana. Fundi anasema ni chuma chakavu, tukiuze kwa kilo, lakini pete tuikate kwanza maana shaba ina bei. Mimi nimeona nikuulize kwa kuwa unajua vitu vya zamani.*
*Mwenye Kiwanja, Nyangao*

Barua yako imechelewa njiani siku tisa, na siku hizo tisa zimenikosesha usingizi tangu nilipoifungua. Nimeshakupigia kwenye namba uliyoiandika. Naandika hapa kwa ajili ya wengine wanaochimba upande huo.

Mahiwa iko jirani yenu. Kuanzia tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917 jeshi la Waingereza, wakiwamo askari kutoka Nigeria, lilipigana hapo na jeshi la Mjerumani von Lettow-Vorbeck, siku nne mfululizo, kwa mizinga na bombomu. Ardhi ile haikurudisha kila ilichopewa.

Hiyo nakshi uliyoisifu haikuchongwa na sonara. Kombora la mzinga huvishwa pete ya shaba iliyo laini, nene kidogo kuliko tundu la mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka kama parafujo. Baruti inapolisukuma kombora, shaba inalazimika kuingia kwenye mifereji, inakatwa mistari, na kombora linatoka linazunguka kama pia ili liende ncha mbele. Kombora ambalo halijapigwa, pete yake ni laini mviringo. La kwako lina mistari. Yaani lilipigwa, likaruka, likaanguka hapo kiwanjani, na kazi lililotumwa halikuifanya.

Ndani linaweza kuwa na jamaa wowote kati ya wale wawili wa ukurasa huu. Makombora mengine ya zama hizo yalikuwa na baruti nyeusi kitakoni, ya kusukuma goroli za risasi zitoke mbele kama gobore linaloruka. Mengine yalijazwa ile inayopiga, na kwenye vita hiyo mara nyingi ilikuwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa na metali inazaa chumvi zenye hasira kuliko yenyewe. Miaka mia na zaidi ardhini haikuvituliza vitu hivyo. Msumeno wa fundi, ukianza na pete, ungekuwa unakata sentimita chache kutoka hapo.

Usikishike, usikimwagie maji, usikifukie kwa jembe, wala usirudi kukipiga picha. Zungushia miti mbali na shimo, watoto na mbuzi wasisogee, polisi waitwe, nao wataleta jeshi. Choo kichimbeni upande wa pili wa kiwanja hata jirani akilalamikia harufu. Fundi mwambie chuma kimeshapata mnunuzi.